Kizuri chajiuza, mbona mimi sijanunuliwa?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 34, nimeoa, na kazi yangu ni uhasibu. Kampuni niliyopo nina mwaka wa saba. Tangu shule ya msingi sikuwahi kutoka nje ya watatu bora, na hesabu kwangu ilikuwa mchezo. Sijigambi. Nataka tu uelewe kilichonikuta mwezi uliopita.

Nilikwenda kwenye printa kuchukua karatasi zangu. Juu yake ilikuwapo nyingine, imelala kifudifudi. Nikaigeuza nione ni ya nani. Ilikuwa slipu ya mshahara ya mwenzangu ninayekaa naye meza moja. Sikukusudia kusoma, lakini macho hayana pazia. Ananizidi kwa karibu robo ya mshahara wangu. Nikailaza vilevile nilivyoikuta, nikarudi kukaa, na yeye akaniuliza kama printa imeacha kukwama.

Shangazi, huyu mtu nimemfundisha mimi. Alikuja miaka miwili iliyopita kutoka kampuni nyingine, na wiki ya kwanza hata kufungua mfumo wetu wa mahesabu alikuwa hajui. Mpaka leo jedwali likimshinda ananigeuzia kioo cha kompyuta bila kusema neno. Usuluhishi wa benki anaoufanya, yaani kulinganisha vitabu vyetu na taarifa ya benki, naupitia mimi kabla haujapanda juu. Yeye ni mtu wa maneno. Majina ya watoto wa mameneja anayajua yote. Wakaguzi wa hesabu wakija wanamtafuta yeye, maana anacheka nao, na matawi yakilalamika mkuu wa idara anamtuma yeye akawatulize. Aliwahi kunisimulia, tena kwa kicheko, kwamba alipoitwa kuanza kazi hapa aliikataa ofa ya kwanza, akakaa kimya hadi wakampigia tena.

Mimi ni mpole, na kukataa siwezi. Muhtasari wa vikao naandika mimi. Wanafunzi wa mazoezi wakija wanaletwa kwangu. Mtu akiacha kazi, mchango wa kumuaga nakusanya mimi. Kufunga mahesabu ya mwezi kulikuwa kunatuchukua siku tisa. Sasa ni siku nne, kwa sababu nilitoa wikiendi zangu kadhaa nikayajenga majedwali upya. Sidhani kama kuna anayejua, maana ripoti inapanda kwa jina la idara. Nyongeza ninayopata ni ile ya kila mwaka wanayopewa wote (nyingine sijawahi kuomba). Baba alinilea na neno moja: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nami nimeishi hivyo.

Sasa usingizi sina. Mke wangu anasema wapole wanakanyagwa, niwe mkali. Rafiki yangu anasema siku hizi akili hailipi, unalipa mdomo. Nakuuliza, Shangazi: ni kweli akili haina bei? Tabia ya mtu inaweza kumpunguzia mshahara? Na kama inaweza, mtu wa umri wangu anabadilikaje bila kuigiza kuwa mtu mwingine? Au nihame tu?

Mpole wa Meza ya Pili

*

Marahaba mwanangu,

Nianze na rafiki yako, kwa sababu yeye ndiye mwepesi kujibiwa. Amekosea. Akili ina bei, na bei yake imepimwa mara nyingi kuliko kitu chochote kingine utakachonisikia nikikitaja hapa. Mwaka 2015 mwanauchumi Eric Hanushek na wenzake walichapisha matokeo ya nchi 23 ambako watu wazima walipewa mtihani wa hesabu na kusoma, halafu alama zao zikalinganishwa na mishahara. Mchukue mtu wa katikati kabisa kwa hesabu, umweke kando ya yule anayewashinda watu 84 katika kila 100. Kwa wafanyakazi wenye umri wa katikati, huyo wa pili alilipwa zaidi kwa wastani wa asilimia 18. Marekani pengo lilifika asilimia 28. Kwa hiyo kile kichwa chako cha watatu bora hakijapotea bure. Bila shaka ndicho kilichokukalisha kwenye hiyo meza.

Ila kuna wanaofaulu mtihani na bado mshahara ukawakimbia. Marekani kuna mtihani wa mbadala kwa walioacha sekondari. Ukifaulu, unahesabiwa kama umemaliza. James Heckman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2000, pamoja na mwenzake Yona Rubinstein, waliwaangalia watu hawa wakakuta jambo la ajabu kidogo: kwa alama za akili wanafanana na waliohitimu kawaida bila kuendelea na chuo, lakini kipato chao kiko karibu na cha walioacha shule moja kwa moja. Ukizingatia akili waliyonayo, wako hata chini ya hao. Hesabu walikuwa wanaijua. Kilichowapungukia ni yale ambayo mtihani hauyaoni, kama kufika kwa wakati, kumaliza walichoanza na kuvumilia siku mbaya.

Wewe hayo unayo tele. Mtu anayetoa wikiendi zake kupunguza siku tisa ziwe nne, hana haja ya kufundishwa bidii na mtu yeyote. Katika sifa tano ambazo wanasaikolojia huzitumia kupima haiba, yaani umakini wa kazi, uchangamfu, upole kwa watu, utulivu wa moyo na udadisi wa mambo mapya, huo umakini ndio ulioonekana kwenda na utendaji mzuri katika kila aina ya kazi walipoukusanya utafiti wa miaka mingi Murray Barrick na Michael Mount mwaka 1991. Angalia lakini nilivyosema: utendaji. Sijasema mshahara. Hapo katikati ndipo ulipokwama.

Ngoja nikupeleke mahali ambapo hujawahi kuingia. Kabla sijaanza kujibu barua nilifanya kazi idara ya utumishi miaka mingi, na kampuni yenyewe siitaji. Kila mwaka kulikuwa na kikao cha nyongeza. Fungu la fedha limeshaamuliwa, halipanuki. Kuna orodha ya majina, na wakuu wa idara wanayasoma moja moja. Jina la kwanza linasomwa: "Huyu ana ofa kwingine." Kalamu inatembea. La pili: "Huyu alikuja kwangu mwanzo wa mwaka, nilimwahidi nitalileta." Kalamu inatembea. Halafu linasomwa jina la mtu kama wewe. "Huyu? Mtu mzuri sana. Huyu hana shida." Ukurasa unapinduliwa. Sekunde nne, tano kwa wingi. Na kalamu, mwanangu, nilikuwa nimeishika mimi. Nilipindua kurasa nyingi za watu wasio na shida.

Hakuna aliyewachukia watu hao. Wengi tulikuwa tunawapenda kuliko wale wenye ofa. Lakini fungu ni dogo, na linakwenda kwanza pale ambapo kutokutoa kuna gharama. Wewe kwa miaka saba umewahakikishia kwamba kutokukupa hakuna gharama yoyote.

Baba yako hakukudanganya. Msemo ule unafaa sokoni, ambako mnunuzi anapita, anashika bidhaa na kuigeuza. Kazini mnunuzi anaona ripoti yenye jina la idara. Joseph Altonji na Charles Pierret mwaka 2001 walionyesha kwamba mwajiri huanza kwa kulipa vyeti, na kadiri miaka inavyopita, uwezo halisi wa mtu unazidi kuonekana kwenye mshahara na cheti kinapungua uzito. Kwa hiyo kweli kizuri hujiuza, taratibu. Lakini mwajiri hujifunza kwa kile kinachofika machoni pake, na chako hakifiki. Umekaa kwenye duka lenye bidhaa safi na mlango umefungwa kwa ndani.

Sasa upole. Hapa mkeo ana nusu ya ukweli, na kwa nusu hiyo nampa heko. Timothy Judge, Beth Livingston na Charlice Hurst walichapisha mwaka 2012 utafiti wa wafanyakazi wa Marekani: wanaume waliokuwa chini ya wastani kwa upole walipata karibu asilimia 18 zaidi ya wale wapole. Kwa wanawake tofauti ilikuwa ndogo, karibu asilimia 5. Umeiona hiyo asilimia 18? Ni tarakimu ileile ya akili niliyokutajia juu. Imesadifu tu, vipimo ni viwili tofauti na usivitie kwenye mzani mmoja, ila nilipoiona mara ya kwanza nilikaa nikaitazama.

Kwa nini mwanamume mpole aumie zaidi? Maelezo yao ni kwamba anakwenda kinyume na vile watu wanavyotarajia mwanamume awe, na anaadhibiwa kwa hilo. Mimi nitaongeza la kwangu kutoka kwenye vile vikao: mpole hafanyi kazi vibaya. Anafanya vizuri, halafu anasamehe bili.

Nusu ya pili ya mkeo ndiyo siikubali. Hao wa chini ya wastani hawakuwa washenzi. Walikuwa watu wa kawaida walioweza kusema "hapana, hiyo haitoshi." Ukali ni kitu kingine. Cameron Anderson na wenzake mwaka 2020 walichapisha matokeo ya watu waliopimwa haiba wakiwa wanafunzi, wakafuatwa tena kama miaka 14 baadaye kuona nani ameshika madaraka kazini. Wakali, wabinafsi na wenye hila hawakuwa wamepanda kuliko wengine. Walichopata kwa kutisha watu walikipoteza kwa kukosa marafiki. Kwa hiyo kesho usiingie ofisini umekunja uso. Hautakukaa, na meza nzima itajua umefundishwa nyumbani.

Tumrudie mwenzako. Barua yako imempitia juu juu, kwa hiyo niruhusu nikurudishe. Umeandika kwamba wakaguzi wanamtafuta yeye, na kwamba matawi yakilalamika anatumwa yeye. Umeyaandika kama vile ni porojo. Mwanangu, hiyo ni kazi! Mkaguzi aliyetulia anauliza maswali kumi, aliyeudhika anauliza hamsini, na hayo hamsini unayajibu wewe. David Deming alipozichambua kazi za Marekani kati ya 1980 na 2012 alikuta zile zinazodai sana kushughulika na watu zimeongeza fungu lao katika ajira zote kwa karibu pointi 12 za asilimia, huku zile zenye hesabu nyingi lakini mawasiliano haba zikipungua. Mshahara ulipanda zaidi pale hesabu na watu vilipokutana. Kompyuta imekuwa hodari wa kujumlisha kuliko kumtuliza meneja wa tawi. Mwenzako ana nusu moja ya kinachotafutwa, wewe una nyingine, na yeye ameitoza yake.

Kuikataa ofa ya kwanza nako hakukuwa ujanja mchafu. Anayetoka nje ana dakika chache ambazo kampuni inamhitaji kuliko yeye anavyoihitaji. Yeye alizitumia. Pengo lililokunyima usingizi, sehemu kubwa yake nadhani lilizaliwa kwenye simu ile ya pili, hata kabla hujamfundisha kufungua mfumo.

Uchungu wako lakini ni wa kweli na haukuanza na wewe. Mwaka 2008 gazeti la Sacramento Bee liliweka mtandaoni mishahara ya watumishi wa jimbo la California, wa chuo kikuu cha umma wakiwemo. David Card na wenzake watatu wakawadokeza baadhi ya wafanyakazi wa chuo hicho, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, kwamba tovuti hiyo ipo. Waliogundua wako chini ya wenzao wa idara na kazi ileile walipungua kuridhika na kazi zao na wakaanza kufikiria kutafuta nyingine. Na waliogundua wako juu? Hawakufurahi zaidi hata chembe. Kwa hiyo jirani yako wa mezani hata angeiona slipu yako, angeilaza kifudifudi akasahau.

Kuna utafiti mmoja ninaoufikiria kila nikisoma barua za aina yako. Bengaluru, India, kwenye viwanda vya nguo, mafundi wa kushona ambao ni wanawake walichaguliwa kwa bahati nasibu wakafundishwa mawasiliano, kupanga muda, kutatua matatizo, kujiamini. Achyuta Adhvaryu, Namrata Kala na Anant Nyshadham wakapima kilichotokea. Uzalishaji wa waliofundishwa ulipanda vizuri. Kiwanda kilirudisha gharama ya mafunzo na faida juu yake ndani ya miezi michache. Na mishahara ya mafundi? Iliongezeka kidogo mno, karibu na bure. Ujuzi uliongezeka, thamani ikaongezeka, na thamani ikabaki kwa mwenye kiwanda kwa sababu hakukuwa na kilichomlazimu kuigawa. Zile siku tano ulizoziokoa kila mwezi ziko mahali fulani, mwanangu. Mtu anazila. Hazijakuja kwako kwa sababu hujazidai.

Umeuliza mtu wa miaka 34 anabadilikaje. Haiba yenyewe hubadilika polepole, na watu wengi huzidi kuwa makini na watulivu kadiri umri unavyosogea, lakini usingoje hilo. Unachohitaji ni kitendo, na kitendo hujifunzwa haraka kuliko haiba. Lomé, Togo, wenye biashara ndogo 1,500 waligawanywa makundi. Wengine walifundishwa biashara kwa njia ya kawaida, vitabu vya hesabu na mipango. Wengine walifundishwa na wanasaikolojia kujianzishia mambo, kutafuta fursa kabla ya kuambiwa, kurudi tena baada ya kukataliwa. Wengine hawakufundishwa chochote. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: faida ya kundi la kujianzishia ilipanda kwa asilimia 30 kuliko ya wasiofundishwa, na mafunzo ya kawaida hayakuonyesha athari ya kueleweka. Hao walikuwa wamejiajiri, si waajiriwa kama wewe. Lakini walikuwa watu wazima wenye haiba zao, na hakuna aliyewaomba wawe watu wengine.

Basi hivi ndivyo ningefanya ningekuwa wewe.

Wiki hii andika ukurasa mmoja. Mmoja tu. Siku tisa zilizokuwa nne ziwe mstari wa kwanza, na mwezi ulipoanza kuwa hivyo. Makosa uliyoyanasa kwenye usuluhishi wa benki kabla hayajafika kwa wakaguzi, yenye kiasi chake. Wanafunzi wa mazoezi uliowafundisha ambao baadaye waliajiriwa, kama wapo. Kila mstari uwe na namba, maana wewe namba ndiyo lugha yako na bosi wa uhasibu haitamwia vigumu kuisoma. Mtu mwoga wa kusema huwa anaweza kuandika. Barua yako kwangu imenionyesha hivyo.

Wakati huohuo tafuta bei yako ya nje. Nenda usaili mmoja, hata wa kazi usiyoitamani. Nataka tu usikie mtu asiyekujua akikutajia kiasi. Hii ndiyo dawa ya usingizi pia, kwa sababu mtu mwenye mlango wa pili hakeshi akiwaza mlango wa kwanza. Usiende kwa bosi ukimtishia na ofa ambayo huko tayari kuipokea. Wapole wakijaribu mchezo huo hushikwa mara moja, uso unawasaliti.

Halafu ujue bajeti ya mishahara inapangwa lini, na uombe kikao wiki kadhaa kabla. Nyongeza huombwa kabla ya fungu kugawanywa. Baadaye utaambiwa "mwakani," na litakuwa jibu la kweli kabisa.

Ndani ya kikao usimtaje mwenzako. Usiitaje slipu. Ukiitaja, mazungumzo yatageuka kuwa ya namna ulivyoiona, na utatoka humo ukiwa umeomba radhi badala ya nyongeza. Usitaje ada ya watoto wala kodi ya nyumba, kwa sababu kila mtu kwenye ile orodha ana ada na kodi. Mpe ukurasa wako, mwache asome, kisha sema kwa sauti yako ya kawaida: "Ningeomba mshahara wangu uangaliwe upya kulingana na kazi hii. Ninafikiria kiasi hiki." Utaje kiasi, kile ulichokisikia nje. Na ukishakitaja, nyamaza. Hapo ndipo wapole wanapojiharibia: kimya kinawachoma, wanakijaza wenyewe kwa kusema "lakini kama haiwezekani si neno." Hesabu hadi kumi moyoni. Wewe hesabu unaiweza.

Akikataa, muulize ni kitu gani hasa kingebadilisha jibu na lini mtarudi kuzungumza, kisha jioni hiyohiyo mwandikie ujumbe mfupi wa kumshukuru na kuyarudia aliyoyasema. Kama baada ya muda huo hakuna kitu, umeniuliza kama uhame: ndiyo, hama, na ofa ya kwanza usiikubali siku hiyohiyo.

Linda Babcock na wenzake mwaka 2017 walionyesha kwamba zile kazi ambazo lazima mtu azifanye lakini hazimpandishi anayezifanya huangukia zaidi wanawake: ndio wanaojitolea zaidi, na ndio wanaoombwa zaidi. Wewe ni mwanamume, na umejibebea furushi lilelile, muhtasari, mchango, wanafunzi. Usiyatupe yote siku moja. Wanafunzi baki nao, maana hao wanakutangaza. Muhtasari uwe wa zamu, na useme hivyo kikaoni kwa tabasamu lako lile lile. (Dada zangu mnaosoma hapa, kwenu kuna mtego wa ziada: Hannah Riley Bowles na wenzake mwaka 2007 walikuta mwanamke akiomba nyongeza huonekana mgumu kufanya naye kazi, kuliko mwanamume aliyeomba vilevile. Nina barua zenu tatu juu ya hilo, nitazijibu pamoja.)

Na mwenzako msamehe. Kesho akikugeuzia kioo cha kompyuta msaidie kama kawaida, ila safari hii mwombe kitu: matawi yakilalamika tena, akuchukue mwende wote. Kaa pembeni usikilize anavyowatuliza. Kama David Deming hakukosea, hayo ni mafunzo ya bure ya nusu uliyoikosa, na mwalimu wako unaye mezani.

Niandikie baada ya kikao. Wakikwambia uandike muhtasari wake, sema ni zamu yao.

Shangazi